Mkutano wa kuacha pombe: wahi kufika, chelewa kutoka

Wengi wanaokwenda mkutano wao wa kwanza wa kuacha pombe hufika umeshaanza, hukaa kiti cha karibu na mlango, na huondoka sala ya kufunga haijaisha. Baadaye husema, "Nilijaribu, haikunisaidia." Walichojaribu ni saa moja ya kusikiliza watu wasiowajua. Yale mengine hupatikana katika robo saa ya kabla na robo saa ya baada: namba ya mtu wa kumpigia usiku, habari za mkutano mwingine wenye watu wa rika lako, neno kutoka kwa aliyeacha miaka mingi iliyopita na bado anakumbuka wiki yake ya kwanza. Kwa hiyo unapotafuta mkutano, tafuta ule utakaoweza kuwahi na usiolazimika kuukimbia.

Kwanza mwili

Anayekunywa sana kila siku, hasa anayelazimika kuzimua asubuhi ndipo mikono iache kutetemeka, asiache pombe ghafla kwa kuwa tu ameshapata anwani ya mkutano. Arosto ya pombe kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kukataa. Degedege laweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza. Iliyo mbaya kuliko zote, ile ya kuchanganyikiwa, kuona mauzauza na kupandwa na joto, madaktari huiita delirium tremens. Mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya pili na ya nne, wakati ndugu wameshaanza kudhani hatari imepita, na inaweza kuua.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ikitumika kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha kwa kujichangamsha zaidi ili ufanye kazi chini ya uzito huo. Uzito ukiondolewa kwa mpigo, mchangamko unabaki bila cha kuuzuia. Ndiyo maana ujasiri hausaidii hapa, na kikundi nacho hakina dawa wala muuguzi. Ukiwa umewahi kupata degedege au mauzauza ulipoacha zamani, anzia hospitali. Huko hupewa dawa za kutuliza ambazo kipimo chake hupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa wamepungukiwa nayo na upungufu wake huharibu ubongo. Mikutano itakuwepo ukitoka. Hospitali nyingine hukaribisha vikundi vifanye mkutano humo humo wodini, uliza.

Ni kikundi gani

Kinachopatikana mahali pengi zaidi ni Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Kilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, pale Bill Wilson, mtu wa soko la hisa kutoka New York, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa walevi waliokwisha kushindwa na kila njia, na walichogundua ni kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kutokunywa siku hiyo. Leo kuna vikundi katika takriban nchi 180. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna fomu, hakuna daftari la wanachama. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai. Mgeni anaweza kukipitisha kwa jirani bila kutia kitu, na hakuna atakayemtazama.

AA hufuata Hatua 12, yaani mambo kumi na mawili ambayo mwanachama huyapitia moja baada ya jingine ili aishi bila pombe, na kadhaa kati ya hizo zinamtaja Mungu, "kadiri tunavyomwelewa". Hapo ndipo wengine hugeuka na kuondoka. Vikundi hutofautiana sana: kimoja huomba kama kanisani, kingine hakigusi dini kabisa, na kuna vinavyojitangaza kuwa ni vya wasioamini. Chumba kuwa ndani ya jengo la kanisa hakumaanishi kwamba mkutano ni wa kanisa hilo. Mara nyingi ni kwa sababu kodi yake ni nafuu na jioni huwa kitupu.

Anayetaka njia isiyo na mambo ya kiroho aangalie SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994. Mikutano yake huongozwa na mtu aliyepata mafunzo, na washiriki huruhusiwa kujibizana na kushauriana. Kazi yake imegawanyika sehemu nne: kujenga nia na kuidumisha, kukabiliana na hamu, kutawala mawazo na hisia na matendo, na kuishi maisha yenye uwiano. Zana zake ni za kuandika. Moja inayofaa hata kwa asiyehudhuria ni karatasi iliyogawanywa vyumba vinne, yaani faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Watu hujaza chumba cha pili na cha tatu upesi, kisha hukwama. Vile viwili vingine ndivyo vyenye habari, kwa kuwa vinaonyesha pombe ilikuwa inakufanyia kazi gani, na kazi hiyo itahitaji kufanywa na kitu kingine.

Vipo vingine pia. Women for Sobriety, ya mwaka 1975, ni ya wanawake. Blue Cross, iliyoanzia Geneva mwaka 1877, ina msingi wa Kikristo. Recovery Dharma hutumia mafundisho ya Kibudha na kutafakari kimya. Mke, mume, mzazi au mtoto wa mnywaji ana chake, Al-Anon, kilichoanza mwaka 1951, na haimlazimu mnywaji mwenyewe awe ameacha.

Je, vinasaidia? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Kati ya walioelekezwa AA kwa utaratibu maalumu, 42% walikuwa hawanywi kabisa mwaka mmoja baadaye, dhidi ya 35% ya waliopewa tiba nyingine, ikiwemo ile ya utambuzi na tabia, yaani ya mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini si muujiza. Zisome asilimia hizo upande wa pili pia: hata katika kundi lililofanya vizuri, zaidi ya nusu walikunywa tena ndani ya mwaka huo. Anayekuahidi zaidi ya hapo anauza kitu.

Mimi ningechagua kwa saa kabla ya kuchagua kwa falsafa. Kama kunywa kwako huanza jioni baada ya kazi, mkutano wa asubuhi ya Jumamosi hautagusa saa yenye hatari, hata ukiwa mzuri namna gani. Tafuta unaoangukia pale pale ambapo mkono umezoea kushika glasi.

Kuupata

AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano iliyo karibu kwa siku na saa. Ofisi za huduma za nchi au mji huwa na tovuti yenye orodha, na nyingi zina namba ya simu inayopokelewa na mwanachama wa kujitolea. SMART Recovery nayo ina orodha kwenye tovuti yake. Pasipo na orodha yoyote, waulize wauguzi wa kliniki ya uraibu au ya afya ya akili, wahudumu wa ustawi wa jamii, na walinzi wa nyumba za ibada. Walinzi hujua chumba kipi hufunguliwa siku gani kuliko mtu yeyote.

Orodha hizi hutunzwa na watu wa kujitolea, na kasoro yake ni moja, nayo hujirudia: mkutano ulikufa au ulihama, orodha haikuambiwa. Mtu aliyekusanya ujasiri wiki tatu akikuta mlango umefungwa huwa harudi. Kwa hiyo piga simu siku hiyo hiyo, uliza mambo matatu: bado mpo? Mnaingilia mlango gani? Ni wa wazi au wa ndani? Chukua pia anwani ya mkutano wa pili ulio karibu, kama akiba.

Mkutano wa wazi humpokea yeyote, hata ndugu, mwanafunzi au mtu asiye na uhakika kama ana tatizo. Wa ndani ni kwa wenye nia ya kuacha tu. Kama hujui wewe ni nani katika hao, nenda wa wazi. Ukiona umeandikwa kuwa ni wa wageni, chagua huo, kwa sababu utaratibu huelezwa kuanzia mwanzo. Wa msemaji una mtu mmoja anayesimulia kwa nusu saa au zaidi, na unaweza kukaa kimya mwanzo hadi mwisho. Huu ndio wa kumpeleka mwenye haya. Wa mjadala huzunguka mtu kwa mtu. Wa kusoma Hatua au kitabu unaweza kuwa mgumu siku ya kwanza, kwani kila mtu anajua ukurasa isipokuwa wewe.

Soma saa kwa uangalifu. Orodha nyingi huandika 19:00 au 7:00 PM, na hiyo ni saa 1 usiku. Kuna waliofika saa 7 mchana. Mikutano ya mtandaoni huongeza mtego wa pili, kwa kuwa saa huweza kuwa ya nchi nyingine, na nchi kadhaa husogeza saa zake mwezi Machi na tena Oktoba au Novemba. Mkutano uliouzoea unaweza kuhama kwa saa nzima bila taarifa.

Mtandaoni mikutano iko usiku na mchana, na kwa anayeishi mbali au anayelea watoto wadogo hiyo ndiyo njia inayowezekana. Kabla ya kubofya kiungo, badilisha jina linaloonekana, maana akaunti ya kazini huonyesha jina lako kamili na pengine la kampuni. Vaa vipokea sauti vya masikioni ili siri za wengine zisisikike sebuleni kwako. Kamera waweza kuizima, ingawa vikundi vingine huomba iwe wazi angalau mwanzoni ili wajue si mtu aliyekuja kuvuruga. Kasoro ya mtandaoni ni kwamba kitufe cha kuondoka kiko karibu mno. Waendeshaji wengi huacha chumba wazi baada ya kufunga. Usikibofye kabla ya wakati huo, na andika kwenye ujumbe kwamba wewe ni mgeni na unaomba namba.

Ndani ya chumba

Mkutano mwingi huchukua dakika 60 hadi 90. Mwenyekiti hufungua kwa kusoma maelezo mafupi, huenda pakawa na sala au dakika ya kimya, kisha huuliza kama kuna mgeni. Jina la kwanza linatosha. Ikifika zamu yako ya kusema, "Naitwa fulani, leo nasikiliza tu" ni jibu kamili. Si lazima useme wewe ni mlevi. Ukiongea, lenga dakika tatu. Vikundi vingine vina saa inayolia.

Katika AA mtu akimaliza kusema, hakuna anayemjibu wala kumshauri. Mgeni huhisi ametupwa: ametoa la moyoni, na mwenyekiti anasema "asante" na kwenda kwa anayefuata. Kuna sababu. Mtu asiyeogopa kuhukumiwa husema ukweli zaidi, na kanuni hiyo humzuia mjuaji mmoja kuteka mkutano mzima. Majibu huja baadaye, watu wakiwa wamesimama na vikombe mkononi. Ukishaondoka, huyapati.

Ukifika umelewa, vikundi vingi vitakuacha ukae usikilize, ila utaombwa usizungumze siku hiyo. Ni afadhali kuliko kubaki nyumbani, mradi huendeshi gari na huna fujo.

Kuhusu siri, watu huahidiana kwamba yaliyosemwa hayatoki nje, na wengi huitunza ahadi hiyo kwa miaka. Lakini ni ahadi tu. Kikundi si daktari wala wakili, na aliyekusikia anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Kosa la jinai, kesi iliyo mahakamani na mambo ya mtu wa tatu, yapeleke kwa wakili au mtaalamu. Mezani sema kuhusu pombe.

Kama umetumwa na mahakama au mwajiri, mpe mwenyekiti au katibu karatasi yako kabla ya kuanza. Vikundi vingine hutia saini, vingine hukataa, na saini huthibitisha kwamba ulikuwepo, si zaidi. Uliza kwenye simu ile ya kwanza.

Robo saa mbili

Fika robo saa mapema na uombe kupanga viti. Ushauri huu husikika mdogo mpaka ufanywe. Mwenye kiti mkononi ana sababu ya kuwa chumbani, na watu huzungumza naye bila kujilazimisha. Mkutano ukiisha, muulize mmoja, "Wewe huenda mikutano gani mingine?" na mwingine, "Naomba namba yako." Chukua namba mbili au tatu za watu wa jinsia yako, au wa jinsia isiyokuvutia kimapenzi.

Kisha piga kesho yake, hamu isipokuwepo. Dakika mbili zinatosha: "Mimi ni fulani wa jana, nilitaka tu kuhakikisha namba inafanya kazi." Hapa ndipo wengi hukosea. Hukusanya namba kumi na kuziweka kwa ajili ya siku ya hatari, na siku ya hatari ikija hawampigii mtu, kwa sababu kumpigia usiyemjua huku unatamani kunywa ni kazi nzito kuliko kunywa. Simu ya kwanza ifanywe nyepesi ili ya pili iwezekane.

Nenda mikutano sita tofauti kabla ya kuamua kuwa haya si yako. Vikundi viwili vya mtaa mmoja huweza kutofautiana kuliko dini mbili. Utasikia pia ushauri wa mikutano 90 kwa siku 90. Si sheria, na kwa mwenye kazi ya zamu na watoto ni mzigo. Lakini mmoja kwa wiki katika mwezi wa kwanza ni mchache mno: siku sita katikati ni ndefu. Changanya wa chumbani na wa mtandaoni upate mitatu au minne.

Baada ya wiki chache utaambiwa utafute sponsa, mtu anayekupitisha kwenye Hatua. Mwombe awe wa muda, ili kuachana kusiwe ugomvi. Tafuta mwenye angalau mwaka bila kunywa, mwenye sponsa wake mwenyewe, na anayepokea simu. Akikukopesha fedha au kukukopa, akikutongoza, akitaka uache dawa ulizoandikiwa, mwache. Hili la dawa hutokea zaidi ya inavyokiriwa. Naltrexone, acamprosate na disulfiram ni dawa halali za kusaidia kuacha pombe, na dawa za sonona au kifafa si "kulewa kwa njia nyingine". Maandishi ya AA yenyewe yanasema wanachama wasijifanye madaktari. Jihadhari pia na wale wanaowawinda wageni kimapenzi wakati wageni wenyewe hawajasimama sawasawa. Wapo, na vikundi vyema huwakemea waziwazi.

Ukiteleza, nenda mkutano unaofuata ndani ya saa 24, hata ukinuka. Katika AA sarafu za kumbukumbu, ambazo mtu hupewa kwa muda aliokaa bila kunywa, huanza kuhesabiwa upya, na aibu ya kunyanyua mkono tena kama mgeni ndiyo huwaweka watu nje miezi. Kama kuteleza kumekuwa siku kadhaa mfululizo, rudi kwanza kwa daktari. Mwili uliopumzika hauwezi tena kiasi cha zamani, na arosto inayojirudia huelekea kuwa kali kuliko iliyotangulia.

Pasipo na kikundi

Katika AA, walevi wawili wanaokutana ili wasinywe wanatosha kujiita kikundi. Mnahitaji chumba chenye mlango unaofungika, siku moja na saa moja zisizobadilika, kitu cha kusoma kwa kufungua, na namba moja ya simu inayopokelewa. Waarifuni ofisi ya huduma iliyo karibu ili mwingie kwenye orodha. Mikutano michanga huuawa na mambo mawili. La kwanza ni kuahirisha kwa sababu mvua imenyesha au mtu mmoja kasafiri. La pili ni kazi yote kubebwa na mtu mmoja, ambaye siku akichoka funguo hubaki mfukoni mwake. Tengenezeni funguo mbili na mpokezane uenyekiti kila mwezi. Mkihama, badilisheni orodha siku hiyo hiyo, na bandikeni anwani mpya kwenye mlango wa zamani kwa angalau miezi miwili.